Jeraha la Jana Halishonwi Leo

Uvumi ulinikaa kichwani kama mbu ndani ya chandarua: kwamba mshonaji wa majeraha wa zahanati yetu huwaacha watu na nyama wazi, na kwamba mchukuzi mmoja wa sokoni aliachwa hivyo mguu ukamwoza. Niliusikia dukani, nikausikia tena kwenye foleni ya maji. Naandika kwa sababu uvumi huo nusura uule mguu wa mwanangu.

Saa mbili asubuhi. Chumba cha vidonda kina dirisha moja, kitanda chenye mpira mweusi na ndoo mbili za maji, maana bomba halifiki humu. Mwanamke wa makamo, ndiye mshonaji mwenyewe, ananawa mpaka viwikoni. Watoto humwita Bi Nailoni kwa sababu ya uzi wake mweusi, naye huitika.

Kitandani amelala binti yangu wa kati. Jana mchana bati lilimchana shavu la mguu. Mimi nilikuwa kazini. Kaka yangu, fundi viatu, akaliziba jeraha kwa gundi. Ndiyo, gundi ya viatu.

"Gundi hii inashika soli ya buti la askari," mjomba mtu anajitetea mlangoni. "Itashindwa na ngozi ya mtoto?"

"Soli haina damu, kaka'angu," Bi Nailoni anamjibu bila kugeuka. "Humu umefungia kutu na mchanga. Hebu njoo unuse."

Mjomba hasogei.

Bi Nailoni anamchoma mtoto sindano ya ganzi, anaibandua gundi taratibu. Maji machafu yanatoka. Anamwagia chupa nzima ya maji ya chumvi ya dawa, anafungua nyingine, huku akiokota chembe za kutu moja moja. Kisha anaweka shashi, anazungusha bandeji, anampa sindano ya pepopunda. Basi. Uzi haukuguswa.

Foleni ya nje imeona yote.

"Si nilikwambia? Anabania uzi huyo!"

"Mshone mtoto wa watu!"

"Kama huwezi, sema," mjomba naye anadakia, "tumpeleke kwa anayeweza."

Bi Nailoni anavua glovu, anasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Sishoni. Mkipiga kelele sishoni, mkinyamaza sishoni. Kushona jeraha lililolala na uchafu ni kumfungia mwizi chumbani na watoto, halafu mkasifu kufuli. Na mchukuzi wenu ninamjua. Nilimwacha wazi, akakimbilia kwa mtu wa mtaani, akashonwa siku hiyo hiyo. Alirudi mguu umevimba kama mto. Nikaufungua, nikausafisha, ukapona. Yuko sokoni anabeba magunia. Nendeni mkamhesabie miguu!"

Mzee mmoja anacheka mpaka anakohoa. Foleni inalegea.

Moyo wangu haulegei; uvumi ule bado unaniambia nimbebe mtoto niondoke. "Dada, na akipata homa?"

"Mlete. Wekundu ukipanda juu, mlete. Harufu ikibadilika, mlete. Na hata akiwa mzima, mlete kila siku nimbadilishie bandeji. Mama mwenye wasiwasi simfukuzi, mwenye haraka ndiye ananichosha."

Nikampeleka kila siku, mjomba akimbeba mgongoni. Siku ya nne bandeji ilipofunguliwa, nyama ilikuwa nyekundu safi kama ufizi wa mtoto mchanga. Bi Nailoni akaitazama, akaguna, akavuta trei yake.

"Sasa tunashona."

Akanionyesha pakiti mbili. Uzi wa kwanza huyeyuka wenyewe, huo hutumika ndani kwenye nyama. Wa pili, nailoni nyeusi, hauyeyuki. Hushika ngozi na lazima uje utolewe: usoni mapema, kama siku tano, mguuni hata wiki mbili, kwa sababu mguu hautulii. Mafundo yake hakuyakaza sana.

"Kingo zibusiane," alisema, "zisikabane."

Leo binti yangu anaruka kamba. Kovu lake ni jembamba kama mstari wa penseli. Na kibandani kwa kaka yangu, mtu akifika na kidole kinachovuja damu, hufukuzwa mbio: "Hapa ni viatu tu! Nenda kwa Bi Nailoni!"

Nilimuuliza Bi Nailoni anataka nini maishani. Hakufikiri hata kidogo.

"Bomba humu ndani. Nimeomba, nikaambiwa subiri. Nitaomba kesho, na kesho kutwa, mpaka waniletee maji au wanichoke. Uzi ninao. Lakini jeraha hutibiwa kwanza na maji."

Wazazi wenzangu, haya yaepukeni:

Gundi ya aina yoyote, hata kama fundi ni ndugu yenu.

Majivu, udongo, dawa ya meno na unga wowote ndani ya jeraha. Osheni kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kandamizeni kwa kitambaa safi, nendeni zahanati siku hiyo hiyo.

Kulala na jeraha nyumbani "tuone kwanza".

Kukataa sindano ya pepopunda.

Kutoa nyuzi nyumbani kwa wembe, au kuziacha zipitilize siku zake.

Kumlazimisha mshonaji ashone wakati amesema bado.

Na kumsikiliza mtu anayejua habari zote za mguu wa mchukuzi, ila mchukuzi mwenyewe hajawahi kumwona.