Siku ya Tano ya Fundi Baiskeli

Fundi baiskeli wa Makebuko, aliyekulia ukimbizini Tanzania, alikuwa katika siku ya tano ya kusafisha mwili: viazi vitamu vya kuchemsha, mboga za lengalenga bila mafuta, maji basi. Kila kiazi alikinusa kwanza, kisha akakimenya polepole kwa vidole vyeusi vya grisi. Mimi mpita njia nilikaa nikimtazama hadi jioni. Jirani yake, aliyegawana naye shamba fundi aliporudi kutoka ukimbizini, akatuita kwenye mtungi wa pombe ya mtama uliozungukwa na wanywaji, akampa fundi mrija. Fundi akasita.

“We unaogopa? Mi nimetia sumu?” jirani akauliza, na wote wakaacha kunywa.

Fundi akainama, akavuta funda refu, akajifuta midomo.

“Pombe nzuri, jirani. Kesho naanza tena siku ya kwanza.”