Shangazi Alipomwita Baba Kaka

Enzi zetu, sisi tuliosoma desimali tukiwa kitandani, tableti juu ya tumbo, shati la shule juu na pajama chini, watoto walijua maana ya kufungiwa. Leo mdogo wangu Neema, darasa la tatu, akinyang'anywa simu nusu saa analia kama kafiwa. Nina miaka kumi na tano na tayari naongea kama mzee mwenye magoti mabovu. Nisameheni, rika letu tulizeeka mapema.

Nakumbuka likizo ya mwisho kabla dunia haijafunga milango. Ilikuwa Julai, baridi ya Fairfield, mtaa wetu wa Sydney, inang'ata masikio, nasi tukaruka kwenda kwenye kiangazi, kwa Shangazi Tekla, mdogo wake Baba, aliyeolewa Italia. Darasani nilijigamba wiki nzima. Wakaniuliza, Roma? Hapana. Venisi? Hapana. Molise. Wakasema nimepatunga. Tulipofika, mume wa Shangazi, Mjomba Donato, akatuambia hata Waitaliano wenyewe hutaniana kwamba mkoa huo haupo. Alikuwa na tumbo la kuwatosha watu wawili, na alijitambulisha hivi: "Mimi Donato, nauza samaki mahali pasipokuwepo." Shangazi alitafsiri bila kucheka, maana alishaisikia mara elfu.

Bahari ya huko ilikuwa ya kina kifupi, hata Baba, mtoto wa Morogoro asiyejua kuogelea, alitembea mbali mno na maji yakabaki magotini. Pembeni vilisimama vibanda vya mbao juu ya miguu mirefu myembamba, kama mbu waliotua majini, na wavuvi waliteremsha nyavu pana kutoka humo wakazipandisha bila kulowa hata kidole. Kila jikoni palinuka nyanya na samaki. Shangazi alitusongea ugali kwa unga wa mahindi wa huko, wa njano kama keki, Baba akaula amefumba macho. Yeye msemo wake ni "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe", basi siku ya tatu alikuwa sokoni anabeba makreti ya barafu na Mjomba Donato. Hawakuwa na lugha moja, lakini walicheka tangu asubuhi.

Kituko kilikuwa siku ya kwanza ufukweni. Baba keshafika mbali majini, Shangazi akasimama akaita kwa sauti yake yote, "Kaka! Kaka!" Kwa Kiitaliano neno hilo ni kinyesi, tena kama kinavyotajwa na watoto. Mama mmoja alimnyanyua mwanawe mchangani akamkagua nguo. Mwingine akaanza kukunja taulo. Mjomba Donato alicheka mpaka akakaa chini. Si kwamba Shangazi hakujua Kiitaliano. Miaka yote aliyokaa kule hakuwa na wa kumwita hivyo.

"Wifi, si umwite kwa jina tu," Mama akamnong'oneza.

"Nimwite Gervas? Huyu alinibeba mgongoni kwenda shule baba yetu alipofariki. Wacha wakunje mataulo yao."

Akaita tena, safari hii kwa makusudi.

Halafu korona ikaja. Mama, anayehudumia wazee kwenye makao yao, alirudi kutoka kazini na alama za barakoa mashavuni, akala peke yake kwenye chumba cha kufulia. Baba aliendelea kuendesha lori la makontena kwenye bandari ya Port Botany, maana friji za watu hazikusubiri. Helikopta ya polisi ilizunguka juu yetu kana kwamba Fairfield nzima imeiba benki. Kila Jumapili, baada ya misa ya kwenye kompyuta, tulimpigia Shangazi.

Tulipofungiwa mara ya pili, Mjomba Donato alianguka sokoni. Haikuwa korona. Moyo ulisimama tu.

"Kaka, nimebaki peke yangu," Shangazi alisema. "Njoo."

"Mipaka imefungwa, Tekla."

Ilikuwa kweli. Kutoka Australia wakati ule kulihitaji ruhusa maalumu. Tukatazama mazishi kwenye kompyuta juu ya meza ya chakula, watu wachache wenye barakoa, picha ikiganda kila padri alipoinua mkono.

Jumapili moja baadaye Shangazi alipiga yeye. Alikuwa amesikia habari za Mkenya mmoja wa Sydney, ndugu wa rafiki yake, aliyepewa ruhusa akasafiri kumzika mama yake.

"Kaka, uliomba?"

"Tuliomba sana, Tekla. Jumuiya nzima iliomba. Hata watoto."

"Siulizi sala. Ruhusa. Uliomba ruhusa?"

Nilikuwa nimemsikia Baba jikoni akimweleza Mama: waliotoka nchini walikuwa wanakwama huko miezi wakisubiri kiti cha kurudi, na lori lingepata dereva mwingine. Ilikuwa sababu ya maana, na angeweza kuisema. Hakuisema.

"Neno ni moja, ukajificha humo humo," Shangazi akasema. Kisha taratibu, "Haya, Gervas. Wasalimie watoto."

Mama alikuwa anapiga pasi. Aliisahau pasi juu ya shati mpaka tukasikia harufu. Mimi, ambaye sikosi mzaha hata msibani, sikupata hata mmoja.

Siku hizi mipaka iko wazi. Wenzangu shuleni wanaenda Italia na kurudi na picha mia za aiskrimu, wakilalamika kwamba intaneti ya hoteli ilikuwa goigoi. Neema naye anataka kwenda kuona ufuko aliouona kwenye simu. Hajui kwamba alishaukojolea safari ile, akiwa bado wa nepi. Shangazi sasa anauza samaki mwenyewe, kwenye meza ya mumewe. Huzungumza na Mama. Baba huuliza anaendeleaje, huambiwa mzima.

Enzi zile tumefungiwa, kila mtu nyumbani alisema milango ikifunguliwa tu, tunakwenda. Ilifunguliwa. Baba ana pasipoti mpya, ana likizo kazini ambayo haijaguswa, na hakuna tena wa kumzuia. Kila Julai husema bandarini kazi ni nyingi, halafu hutoka nje kuosha gari ambalo mimi nimeliosha jana.