Mgombea Aliyeshika Nyumba ya Mama

Ukiniuliza nilizaliwa katika jimbo gani la uchaguzi nitakutajia, nawe utaniona mwongo, maana jimbo lenyewe halipo kwenye ramani yoyote. Lilikuwa jimbo la watu wa pembezoni. Lilianzia nyuma ya machinjio ya Tarime, likapanda vilima vya kahawa na migomba, kisha likashuka upande wa pili kuelekea barabara ya Sirari. Watu wa mjini walituita wa shamba, na watu wa shamba walituita wa mjini. Bomba la maji liliishia kwenye uzio wa machinjio, kana kwamba ng'ombe wa kuchinjwa walikuwa na haki zaidi yetu. Hilo linanikera mpaka leo, na sitaki kuambiwa eti ni zamani.

Nyumba ya mama ilikuwa kilimani. Aliijenga na baba, yeye akikanda udongo na baba akisimamisha miti, na baba alipofariki akazikwa hapo hapo uani. Ilikuwa nyumba ya nyasi, lakini ilikuwa imenyooka, na kihenge chake hakikuwahi kuingiwa na panya. Ndipo ikaja Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini. Tuliambiwa wote tushuke tukaishi pamoja kijijini, kando ya barabara, tusogee karibu na shule, zahanati na duka la ushirika. Mama hakuwa na ugomvi na kuishi pamoja. Wanawake wa kwetu walikuwa wakilimiana mashamba kwa zamu tangu yeye hajaolewa. Alichouliza ni kimoja tu: akishuka, nyumba yake nani atamrudishia?

Hakujibiwa. Siku ya siku lori lilipanda hadi uani, likiwa na mgambo na ofisa mmoja mrefu aliyevaa kaunda suti ya kijivu. Ofisa hakupiga mtu wala hakutukana. Alisimama kando ya kaburi la baba akaangalia mgambo wakiezua paa, kisha akaangalia saa yake. Mama alimtazama usoni muda wote huo. Tulishushwa na vyungu vyetu, tukapewa kiwanja kwenye mstari ulionyooka, katikati ya watu tusiowajua. Tukajenga kibanda. Mama hakukiita nyumba hata siku moja. Alikiita "hapa".

Mwaka uliofuata ukawa wa uchaguzi. Wakati ule mimi nilikuwa nimeshaanza kufundisha katika shule ya kijiji. Wasiokumbuka mambo yale niwaeleze: chama kilikuwa kimoja, na kwa kila jimbo kilisimamisha wagombea wawili. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama. Mmoja alipewa jembe, mwingine nyumba. Hawakuchagua wenyewe, walipewa. Walizunguka pamoja, wakakaa meza moja, wakasema maneno yale yale kuhusu kilimo na kujitegemea. Basi mkutano ulipofika kijijini kwetu, mwenyekiti akawaomba wagombea wasimame wainue picha zao ili kila mtu azione. Wa kwanza akainua jembe. Wa pili akainua nyumba, na alikuwa yule ofisa wa kaunda suti.

Nikamgeukia mama nikidhani atalia au ataondoka. Mama alikuwa anatabasamu.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya ukoo wetu. Mtu akimkosea mwenzake anaitwa mbele ya iritongo, baraza la ukoo, na hasimami mikono mitupu. Kama ameua ng'ombe wa watu, anasimama ameshika kamba ya ng'ombe atakayemlipa. Kama ameunguza kihenge, anasimama na kikapu cha nafaka. Hahitaji kusema mengi. Ameshika anacholipa, watu wote wamemwona, yamekwisha. Sasa fikiria mama yangu anamwona mwanamume aliyesimamia kuvunjwa kwa nyumba yake, amesimamishwa mbele ya watu wote, viongozi wamekaa kando yake, naye ameinua nyumba juu kwa mikono miwili.

"Amekubali," mama aliniambia kwa Kikurya. "Analipa."

Nilimweleza. Jamani, nilimweleza! Nilimwambia ile ni alama tu, ni karatasi, angeweza kupewa jembe naye yule mwingine akapewa nyumba. Nilimwambia mtu huyo hata hamkumbuki. Mama alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni asiyejua njia.

"Mwanangu, wewe umesoma," alisema, "lakini hujawahi kukaa kwenye iritongo ukaona mtu mzima anavyosimama. Hakuna anayeshika kitu mbele ya watu kwa kucheza."

Akanyoosha mkono aulize lini nyumba italetwa. Aliuliza kwa Kikurya, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Mwenyekiti akamkatiza. "Mama, hapa tunatumia lugha ya taifa. Uliza kwa Kiswahili au ukae." Nikasimama nimtafsirie, nikaambiwa mwenye swali aulize mwenyewe. Mwenyekiti huyo alikuwa Mkurya kama sisi, na swali alikuwa amelielewa neno kwa neno. Mama akakaa. Mimi nilikaa pia, na hasira niliyokaa nayo siku ile sijaimaliza.

Wanawake wa mstari wetu, ambao nao walikuwa wamevunjiwa, walikubaliana kisimani kwamba mama yuko sahihi. Wakapiga kura ya nyumba. Yule ofisa akashinda, akaenda bungeni. Nasikia aliwashukuru wapiga kura kwa imani yao.

Mama alianza kusubiri. Alipanda kilimani mara kwa mara kupalilia ua wa zamani na kufagia kando ya kaburi, ili nyumba ikija ikute pamesafishwa. Mbunge hakuja. Nikimwuliza, ananijibu kwamba bunge liko mbali na mtu huyo ana nyumba nyingi za kulipa. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba alijiandikisha kisomo cha watu wazima, na mwalimu wa darasa lile nilikuwa mimi. Alikaa dawati la mbele, akanikatalia kumwita mama darasani, akanisumbua kwa maswali. Wenzake walitaka kusoma majina yao na bei za dukani. Yeye alitaka kujua namna ya kumwuliza kiongozi swali bila kukosea. Nikimfundisha "lini" na "wapi" anarudia njia nzima hadi nyumbani, ndoo ya maji kichwani. Sabuni ilipoadimika na sukari ikawa ya foleni, darasa lilipungua watu. Mama hakukosa.

Uchaguzi mwingine ukafika. Kabla yake tulitangaziwa kwamba mipaka imebadilishwa. Upande wa machinjio ulipelekwa mjini, sisi wa vilimani tukaunganishwa na vijiji vya mbali, vya watu tusiowahi hata kuzikana nao, na jimbo letu likafutwa. Hatukuulizwa. Lilifutwa kama nilivyokuwa nikifuta ubao, na ninajua vumbi lake.

Wagombea wakaja. Mmoja alikuwa yule yule mbunge wetu, sasa amenenepa kidogo, anatafuta kura za jimbo jipya. Mwenyekiti akawaomba wainue picha. Mgeni, mtu wa vijiji vya mbali, akainua nyumba. Mbunge wetu akainua jembe.

Mama alisimama kabla hajaruhusiwa. Kiswahili chake kilikuwa safi, kila neno mahali pake. "Ndugu Mwenyekiti, ninaomba kuuliza. Ndugu huyu alisimama hapa na nyumba yangu, sisi sote tuliiona. Ninauliza, lini ataileta? Na kwa nini leo ameishika mtu mwingine?"

Watu walicheka. Waliocheka zaidi ni wageni wa vijiji vya mbali, maana wanawake wetu hawakucheka. Mbunge alimtazama mama, na niliona wazi kwamba hamjui, hajawahi kumjua. Akamnong'oneza mwenyekiti. Mwenyekiti akasema kwa upole, upole ule unaoniudhi kuliko matusi: "Mama, swali lako ni zuri na Kiswahili chako kizuri, hongera. Lakini ndugu hapa alikuwa mbunge wa jimbo la zamani. Jimbo lile limefutwa. Mambo yake yalikwisha nalo. Tuulize ya jimbo jipya."

Wakampigia makofi kwa kujua Kiswahili. Nilitaka kupiga kelele. Miaka yote ile alijifunza lugha yao apate kuuliza swali moja, wakampa makofi badala ya jibu.

Siku ya kupiga kura nilimkosa kwenye foleni. Nilimtafuta kibandani, jembe halikuwepo ukutani. Nikapanda kilimani. Nilimkuta uani kwa baba, gauni amelifunga kiunoni, anachimba mashimo ya nguzo palipokuwa na nyumba yake. Bado ilikuwa marufuku kurudi kujenga huko, naye alijua. Nilimwambia balozi wa nyumba kumi akipata habari watamshusha tena.

"Waje," alinijibu kwa Kiswahili, na hakuwa amewahi kuzungumza nami Kiswahili nje ya darasa. "Wakija nitawauliza ni wa jimbo gani."

Nilivua viatu vyangu vya ualimu nikaanza kukanda udongo.