Siku Niliyomchapa Mama Mkwe Mkono

Mnaniuliza kwa nini nikienda ukweni Mabawa huwa naikalia mikono yangu. Haya, leo nawaambia, na mkitaka kucheka chekeni, maana aibu yenyewe niliitafuta kwa miguu yangu.

Posa ilikuwa imeshapelekwa, tunasubiri jibu, mara bibi yake Rukia akatuma salamu: "Huyo mume wetu aje nimwone." (Bibi na wajukuu kwetu ni watani, kwa hiyo mume wa Rukia ni wake pia.) Nikatoka Muheza na kapu la machungwa, na mfukoni mwa kanzu, hapo ndipo nilipojiponza, nikatia karata za namba. Si zile zenye wafalme, kwa hizo ningefukuzwa mlangoni, hizi ni namba tupu moja mpaka kumi, wala hakuna cha kuwekeana pesa. Nina ugonjwa wa kutaka kujua, nikawa najiuliza kama kikongwe anaweza kuwa mwepesi kunishinda.

Mchezo wenyewe ni rahisi: kila mtu anafunua karata moja kwa zamu, zikifuatana namba mbili sawa mnapiga kofi juu ya rundo, na mkono ulio chini kabisa ndio unaozoa zote.

Adabu ya ukweni mnaijua. Mama mkwe humshiki mkono wala humkazii macho, unamwamkia kwa mbali. Nikasema, "Shikamoo mama," na pazia la mlango wa ndani likanijibu, "Marahaba mwanangu," nikakaa mkekani na Rukia na bibi, tukaanza.

Bibi akanishinda. Akanishinda tena, akamwambia Rukia, "Mume gani huyu mzito, hata nzi atamtangulia kwenye chai yake." Damu ikanichemka, nikasahau posa, nikavua kofia nikaiweka pembeni. Ila kitu kimoja kilinishangaza: lile pazia lilikuwa linatikisika, na feni imezimwa. Huu upepo unatoka wapi, nikajiuliza, na laiti ningeendelea kujiuliza, lakini Rukia alikuwa ameshafunua nane na bibi naye akatoa nane, nikainua mkono mpaka usawa wa sikio nikaushusha pah, nyumba nzima ikasikia.

Chini ya kiganja changu kulikuwa na bangili.

Bibi havai bangili, na Rukia mikono yake nilikuwa naiona. Nikaufuata ule mkono kwa macho, hina, ukingo wa kanga, mpaka nikafika usoni kwa mama mkwe, ameinama na sahani ya vitumbua. Akaiweka sahani, akarudi nyuma ya pazia. Rukia akajifunika uso kwa mtandio. Niliogopa kweli, jamani, yule binti nilikuwa nampenda, na nawajua watu walionyimwa mke kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikapiga magoti mbele ya pazia.

"Mama, niwie radhi, mkono umeteleza."

"Umeteleza kutoka sikioni?" akauliza bibi.

Pazia likamwambia bibi, "Mama, hebu muulize mgeni. Mkono wa chini ulikuwa wa nani?"

"Wako, mama," nikajibu mwenyewe.

"Sasa mbona siletewi karata zangu?"

Hapo ndipo nikaikumbuka ile sahani. Alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto, na hakuna mama wa Tanga anayemwandalia mgeni kwa kushoto, labda wa kulia awe ameupangia kazi nyingine.

Jibu la posa lilikuja, Alhamdulillahi, ila bibi aliamuru mkaja, ile zawadi ya mama wa binti, uwe doti mbili za kanga, ya pili ya kuuguza mkono. Karata sikurudishiwa. Nimeapa sitagusa tena rundo katika nyumba ile, nikifika naamkia, nakaa, naikalia mikono. Na kila nikitulia tu, nyuma ya pazia nasikia karata zinachanganywa.