Aliyemwokoa Binti Yangu Hakulowa Hata Soksi

Admin, nifiche jina, maana kanisani huku tunajuana hadi viatu. Mimi ni Mkenya wa miaka arobaini na tisa, naishi Oakdale, huku ughaibuni, kazi yangu ni kutunza wazee. Mume wangu alifariki akaniachia binti, sasa ana miaka kumi na mmoja. Mambo ya mapenzi nilishafunga duka, hadi akaja ndugu mmoja wa kanisa, mpole, ana sauti ya redio. Wazee wa ukoo nyumbani Kenya wameshakunywa chai yake ya posa na harusi imepangwa.

Kiangazi hiki kanisa lilienda pikiniki kaskazini, kwenye lile ziwa kubwa ambalo huoni ng'ambo. Jameni, kule ni kuzuri. Maji ya buluu, mawe laini, misonobari hadi ukingoni. Lakini bendera nyekundu ilikuwa juu, na ubao ukionya kwamba maji yanavuta watu ndani. Nikamkataza binti yangu. Ndugu akacheka. "Mama, huo ni woga wa Wazungu. Sisi tumeombea safari hii tangu Jumatano. Mwache mtoto afurahie." Nami, nisionekane sina imani, nikamwacha binti aingie.

Alifika maji ya kiuno tu, wimbi likamzoa. Nilikimbia, nikaanguka maji ya magoti kama gunia la viazi, baridi ikanikata pumzi. Kugeuka nyuma, ndugu amesimama juu ya jiwe na soksi zake nyeupe ndani ya sandali, soseji mkono huu, simu mkono ule, anarekodi huku akiliita jina la Yesu. Aliyeingia ni mama mmoja Mkongo wa meza ya jirani, na kitenge chake, akamvuta mtoto hadi mchangani. "Iko muzima, mama, usilie," akaniambia, mwenyewe akitetemeka. Ndipo ndugu akateremka, akalamba mafuta vidoleni, akamkumbatia binti yangu ili apige picha.

Jumapili akatoa ushuhuda. Kwamba alijitosa. Kwamba maji yalimfika shingoni. Vigelegele kanisa zima. Binti yangu akaninong'oneza kwa Kizungu chake kwamba hata soksi za huyo mtu zilikuwa kavu.

Nikamwuliza kwenye gari. Akasema, "Mpenzi, utukufu ni wa Mungu, haijalishi ametumia mkono wa nani."

Tangu hapo akinishika mkono nahisi yale mafuta. Soseji siwezi hata kuitazama, na mwili wangu huu ni ushahidi kwamba mimi na chakula hatujawahi kukosana.

Sasa mchungaji anataka Jumapili hii mtoto asimame mbele ya watu amshukuru. Amekataa, amejifungia chumbani analia. Ndugu ananiambia nimlazimishe, nisimwaibishe karibu na harusi. Wenzangu, nipeni akili: nimwache mtoto akae nyumbani, nisimame mimi nizitaje hizo soksi?