Kibaraza Kilichojengwa Mara Mbili

Saa moja kasorobo asubuhi, umande bado haujakauka kwenye mabati, na Mama Timazi amepiga magoti mbele ya nyumba ya mkunga mstaafu. Anashusha kipande cha chuma kilichofungwa kwenye uzi, anangoja kitulie, kisha anafumba jicho moja. Chuma hicho, timazi, humwonyesha kama ukuta umesimama wima. Ndicho kilichompa jina.

"Umenyooka," anasema, kana kwamba ukuta ulikuwa umemuuliza.

Ni mara ya pili anajenga kibaraza hiki. Cha kwanza kilikaa siku tisa tu.

Mama Timazi ana miaka arobaini na sita, na ishirini na moja kati ya hiyo ameishika kazi ya uashi. Alianza kwa kubeba zege kichwani, akilipwa theluthi mbili ya walicholipwa wanaume kwa ndoo zilezile. Leo ana wateja wake mwenyewe. Hata hivyo, hakuna mwezi unaopita bila mtu kufika kwenye kazi yake, kumtazama mwiko mkononi, na kumuuliza fundi yuko wapi.

"Huwa nawaambia ameenda kunywa chai, atarudi," anasema. "Wengine hungoja."

Kwa mkunga aliitwa na binti wa nyumba hiyo, ambaye ni mshonaji. Mama yake alipooza upande mmoja miaka miwili iliyopita, na mlango wao wa mbele una ngazi nne. Kumtoa nje kulihitaji watu wawili wenye nguvu. Kwa hiyo mwanamke aliyepokea watoto wa mtaa mzima akawa anauona mtaa huo kupitia dirishani, akienda nje siku za kliniki pekee.

"Nilitaka kitu kidogo," anasema binti. "Kibaraza kilicho sawa na sakafu ya ndani, na mteremko wa kushushia kiti cha magurudumu. Mama akae nje, aone watu, basi."

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Siku ya kwanza kukaa pale, mkunga hakutaka kurudi ndani hata kula. Majirani walikuja mmoja mmoja kumwamkia, naye alikuwa akiwauliza habari za watoto wao kwa majina.

Siku ya sita akaja mkaguzi wa majengo na kopo la rangi nyekundu. Alipima, akachora alama ya kubomoa kwenye nguzo, akasema kibaraza kimeingia eneo la barabara.

Mama Timazi alikwenda ofisini siku hiyohiyo. Aliyajua makosa ya kipimo kile. Mkaguzi alikuwa ameanzia ukingo wa mtaro, na mtaro ulikuwa umepanuliwa mwaka jana ukasogelea kiwanja kwa karibu mita mbili. Jiwe la mpaka lilifukiwa na udongo uliochimbwa wakati huo.

"Nyumba haikusogea," anasema. "Mtaro ndio uliosogea. Hilo halihitaji digrii."

Mkaguzi hakutaka kusikia. Alimwambia amlete fundi.

"Fundi ni mimi."

"Basi mlete mumeo, tuelewane naye."

"Mume wangu ni dereva wa lori. Akija hapa atakueleza nini, habari za gia?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mama Timazi hakucheka. Aliambiwa aje kesho, na kesho yake akaambiwa aje kesho. Siku ya tatu alichukua jembe, akachimba kando ya mtaro mpaka akalipata jiwe la mpaka, akalipiga picha likiwa na futi kamba juu yake, akaipeleka picha ile mapokezi. Ikapokelewa, ikagongwa muhuri.

Asubuhi iliyofuata wakaja wanaume wanne na nyundo.

Mama Timazi alikuwa kwenye kazi nyingine, mwendo wa saa nzima. Alipofika, palibaki kifusi. Binti alikuwa amekaa chini amejishika kichwa. Mkunga alikuwa dirishani.

"Nilidhani wamekuja kurekebisha kitu," mkunga anasema sasa, maneno yakimtoka polepole. "Nikawaambia karibuni, wanangu."

Neno hilo, "karibuni", ndilo linalomfanya Mama Timazi aweke mwiko chini kila anapolisimulia.

Wiki mbili baadaye alikuja mpima ardhi aliyetumwa na ofisi, akaanzia kwenye jiwe. Kibaraza kilikuwa ndani ya kiwanja, na sentimita sabini za ziada. Barua ya ofisi ilikuwa na mistari mitatu: kulitokea hitilafu ya upimaji, na mwenye nyumba anaruhusiwa kujenga upya.

"Wanaturuhusu," anasema Mama Timazi. "Mtu akuvunjie mlango, halafu akupe ruhusa ya kununua mwingine. Na umshukuru."

Mkaguzi alipoulizwa na mwandishi wa makala haya, alijibu kwa ufupi: "Lilikuwa kosa la kibinadamu. Limeshasahihishwa."

Aliyelisahihisha ni binti, aliyeuza mojawapo ya cherehani zake mbili kununua saruji. Ni majirani, waliokwangua matofali ya kifusi na kuokoa tisini kati ya mia tatu na arobaini. Na ni Mama Timazi, aliyekataa ujira wa mara hii.

Jumamosi jioni sasa hukutana na waashi wenzake sita, akiwaonyesha namna ya kutafuta jiwe la mpaka na kuandika vipimo kabla ya kuchimba msingi. "Mkono unaojenga ujue na kuandika," anasema. "Tusipoandika sisi, wataandika wao."

Kibaraza kitakamilika Alhamisi. Ameshapeleka barua ofisini kumwalika mkaguzi, na nakala yake imegongwa muhuri. Hataki fidia yake wala chai yake.

"Aje aombe radhi kwa mdomo wake," anasema, akichota udongo wa saruji. "Atasimama pale chini, kwenye mteremko. Mama atakuwa juu, kwenye kiti chake. Akipenda, atamkaribisha."