Sukari Niliyomnyima Baba Mkwe

Kwa miaka kumi na moja nilimpikia baba mkwe wangu bila kumtazama usoni. Watu wa kwingine nikiwaambia hivyo wanadhani tuligombana. Hatukugombana hata siku moja. Kwetu Unyakyusa, kwa desturi ya zamani, mke humwogopa baba wa mume wake. Hakai naye chumba kimoja, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja anajitenga kando mpaka mwenzake apite. Siku hizi pale Tukuyu mjini wakwe wanakaa sebule moja wanatazama runinga, na hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe nilizaliwa mjini. Lakini niliolewa Masukulu, kwa watu walioshika mambo ya wazee wao, na nilipoingia nilikubali.

Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Mzee alikaa peke yake katika nyumba ya vyumba viwili ng'ambo ya uwanja, mlango wake ukitazamana na jiko langu. Chakula chake nilikiweka kwenye kigoda nje ya mlango, nikakohoa, nikaondoka. Akimaliza aliviacha vyombo palepale kwenye kigoda, naye akakohoa. Nilimjua kwa sahani zake. Ndizi zilizopikwa kwa maziwa alizimaliza. Magimbi aliyarudisha. Chai, wiki ya kwanza ya ndoa yangu, aliirudisha kikombe kimejaa. Kesho yake nikaongeza sukari, kikarudi kimejaa. Siku ya tatu nikaongeza mpaka nikaona aibu mwenyewe, na kikombe kikarudi kitupu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na nadhani tulielewana kuliko wakwe wengi wanaosalimiana kila asubuhi.

Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka ndizi na maparachichi Dar. Kila akirudi alikuja na boksi la vitu vya dukani: soda, keki, biskuti, krips, juisi za paketi zenye picha ya maembe na ladha ya dawa. Tulikuwa nyumba ya utamu. Mimi nikienda mjini sikurudi bila kula chipsi mayai pale stendi na soda mbili juu yake. Mzee alipewa fungu lake, nikaliweka kwenye kigoda, na maganda ya biskuti nikayaokota asubuhi nikifagia.

Halafu akaanza kunywa maji mtungi mzima, na kidonda cha kidole cha mguu kikakataa kupona. Mume wangu akampeleka hospitali. Kama mambo yangekuwa vinginevyo ningekwenda mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayepika. Lakini mkwe ataketije mbele ya daktari bega kwa bega na baba wa mume wake, wakihojiwa habari za mkojo? Nikabaki. Mume wangu akanipigia simu kutoka hospitali, mtandao ukikatikakatika, na nilichokisikia ni hiki: baba ana sukari, kapewa vidonge, vitu vitamu basi. Akamrudisha mzee nyumbani jioni, na alfajiri akaondoka na lori.

Mimi si mtu wa kupunguza. Mama yangu mzazi alikuwa na ugonjwa huohuo na sisi wanawe tulimpunguzia. Kijiko leo, nusu kijiko kesho, keki ndogo kwa kuwa ni Krismasi, soda kwa kuwa kuna harusi. Tulimpunguzia mpaka wakamkata mguu, na baada ya mguu hakumaliza mwaka. Nilipomzika niliapa kwamba akitokea mwingine mikononi mwangu, nitakata siku hiyohiyo.

Nikakata. Asubuhi moja tu. Sukari nikampa jirani, soda nikawapa wanakwaya, mkungu wa ndizi zilizoanza kuiva nikaupeleka kwa ng'ombe, asali nikaimwaga. Na kwa kuwa sikutaka kumpa mzee chai chungu huku mimi nanywa tamu, nikaacha na mimi, vyote kwa pamoja. Siku nne kichwa kiliniuma hadi kwenye meno. Nilimfokea kila aliyepita. Nilimfokea ng'ombe. Nilisimama mbele ya kibanda cha chipsi mate yamejaa mdomoni, nikaondoka nikijiona shujaa. Baada ya mwezi sketi ikaanza kunishuka nikaifunga kwa pini, na kanisani wanawake wakanizunguka wakitaka kujua siri yangu. Nikawahubiria. Aibu inayonishika leo nikikumbuka nilivyowahubiria siwezi kuieleza.

Kikombe cha mzee kilirudi kimejaa. Safari hii sikuongeza kitu. Siku ya nne kikarudi kitupu nikafurahi peke yangu jikoni, sikujua kwamba chai alikuwa anaimwaga nyuma ya nyumba ili nisijisikie vibaya. Lakini sahani nazo zikaanza kurudi nusu, halafu robo, halafu nikakuta zimeguswa tu pembeni. Nikasema moyoni, mzee amenuna, atazoea. Vidonge alikuwa anavimeza kila asubuhi bila kukosa, niliyaona makaratasi yake nikifagia, na hilo lilinipa moyo.

Alikuwa na rafiki yake wa rika moja, mzee wa nyumba ya tatu, aliyekuja kukaa naye kila siku. Siku moja akasimama mlangoni pa jiko langu, kofia mkononi.

"Mwanangu," akasema, "mwenzangu anatetemeka asubuhi. Anasema chakula hakipandi. Mpe hata sukali kidogo. Kidogo tu."

"Baba, mnataka akatwe mguu?"

Akaniangalia. "Hapana. Hatutaki."

"Basi niachieni mimi. Haya mambo mimi nayajua, nimezika mama yangu."

"Ndaga," akasema, asante, akavaa kofia yake, akaenda. Mzee wa watu alinishukuru.

Ilikuwa Alhamisi, manyunyu tangu alfajiri, baridi ile ya kukufanya ukae umeshika kikombe. Uji nilioweka kwenye kigoda saa moja ulikuwa haujaguswa. Karibu saa nne nilitoka na kapu kwenda kuchuma chai. Nikamwona. Alikuwa kwenye migomba, hatua kama thelathini kutoka niliposimama, anashika shina hili, anaachia, anashika lingine. Shati lilikuwa limelowa kiasi cha kumganda mgongoni, ingawa manyunyu hayakuwa ya kulowesha mtu hivyo. Alikuwa anaongea. Halafu akacheka, kicheko cha kitoto, kirefu.

Nikajua amelewa. Jirani wa chini alikuwa amepika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, na wazee wote walikuwa wanashinda huko wiki ile. Nikakasirika kuliko nilivyowahi kukasirika katika nyumba ile. Mimi nimejinyima kila kitu, yeye anakataa chakula changu akaende kulewa! Na juu ya hasira kulikuwa na woga. Mkwe aliyelewa anaweza kusema lolote, na mke wa mwanawe akilisikia, aibu ni ya wote wawili. Adabu iko wazi. Nikajifunika kanga kichwani, nikageuka, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikatokea upande wa pili, nikaenda shambani.

Nilichuma chai hadi karibu saa saba. Nilichuma kwa hasira, na kapu likajaa mapema.

Rafiki yake ndiye aliyemkuta. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani makavu ya migomba, haamki. Wakampakia kwenye bodaboda, kijana mbele, rafiki nyuma amemkumbatia mzee katikati, na mimi nikafuata kwa pikipiki nyingine. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia muuguzi, kwamba si kosa letu, sisi nyumbani sukari tumeacha kabisa.

Muuguzi akapima. "Sukari imeshuka," akasema.

Nikamwambia amekosea, alitaka kusema imepanda.

"Imeshuka, mama. Imeshuka sana. Amekula nini leo?"

"Uji hakuugusa," nikasema. Akaniuliza, taratibu, kama tulikuwa tumeambiwa habari za vidonge. Vidonge vile havimezwi kwa tumbo tupu. Apunguze sukari, ndiyo, lakini ale, na ale kwa wakati, na akionekana anatetemeka, anatoka jasho, anaongea kama mlevi, apewe kitu kitamu palepale. Soda. Maji ya sukari. Kijiko cha asali.

"Kama mlevi?" nikauliza.

"Ndiyo. Watu wengi wanadhani mgonjwa amelewa."

Mume wangu alipofika alisema aliniambia yote kwenye simu. Mimi nasema hakuniambia. Inawezekana aliniambia na mtandao ukala maneno, na inawezekana pia niliyasikia nikayaacha, kwa kuwa nilishajua jibu langu kabla hajapiga. Tulibishana wiki mbili. Tumeacha kubishana kwa kuchoka, hatujasameheana.

Mzee aliamka siku ya tatu, lakini hakurudi mzima, na mkono mmoja haukusogea tena. Daktari alitueleza kwamba ubongo nao unakula sukari, na wake ulikaa na njaa muda mrefu mno. Angewahiwa mapema kidogo, akasema, hata kwa saa mbili tu. Pale msibani bila maiti, maana nyumbani watu walijaa kama msiba, kila aliyeingia aliuliza swali lile lile: hakuna aliyemwona? Nikajibu kwamba nilikuwa kwenye chai. Ni kweli nilikuwa kwenye chai. Mashangazi wa mume wangu wakanishika mikono wakisema nimemtunza mzee, nimejinyima kwa ajili yake, mkwe kama mimi hapatikani siku hizi. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Yangu hayakuchelewa, yalikuwa yamekaa nami pale kwenye mkeka, na mimi nikanyamaza. Hilo la migombani mume wangu atalisoma hapa kwa mara ya kwanza.

Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema habari ya kuogopana iishe, hakuna mwingine wa kumlisha. Iliisha hivyo, kwa maneno matatu, miaka kumi na moja. Wangeweza kuyasema wakati wowote. Ningeweza kuyaomba.

Sasa nakaa naye kwenye mkeka asubuhi na jioni. Namkalisha, nampangusa kidevu, namlisha uji kwa kijiko, na ndani ya uji natia sukari kidogo kama nilivyoelekezwa. Ananitazama moja kwa moja usoni, bila haya, kama mtoto mchanga anavyotazama. Ndipo nikajua kwamba macho ya mume wangu yalitoka kwake, na kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi. Mwanzoni nilikuwa nageuza uso. Nikazoea.

Wiki iliyopita aliacha kula katikati, akanikazia macho.

"Wewe mama," akasema polepole, "wewe ni wa nani?"

"Mimi ni mke wa mwanao, baba."

Nikaona kitu kinapita usoni mwake, kinatafuta njia. Kisha akavuta blanketi kwa ule mkono wake mzima, akajifunika kichwa chote, akanigeuzia mgongo kama mkwe anavyotakiwa kufanya.

"Unisamehe, mama," akasema kutoka humo ndani. "Sikukuona."

Nilikaa na kijiko mkononi. Yeye hakuniona, na anaomba msamaha. Mimi nilimwona.